Fao la kukosa ajira Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara mfumo unapokosea na rufaa inapokawia

Ukurasa huu ni wa wasaidizi wa kisheria, si wa Mfuko wowote wa hifadhi ya jamii. Tumeuandika kwa ajili ya waliopoteza kazi Mwanza na wilaya za kando ya ziwa: wakataji wa minofu ya sangara viwandani Ilemela, mafundi na madereva waliomaliza kazi kwenye Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo–Busisi, vijana wa reli ya SGR kipande cha Mwanza–Isaka, walinzi, walimu wa shule binafsi, wahudumu wa hoteli. Wengi huja kwetu wamekata tamaa, wakiamini wamenyimwa. Tukipitia karatasi tunakuta hawakunyimwa: ombi limekwama kwenye kosa ambalo hakuna aliyewatajia. Ndiyo maana majibu mengi hapa yanakusukuma upande mmoja, kwamba kosa lako litajwe kwa maandishi, na pawe na tarehe.

Fao la kukosa ajira ni lipi hasa, na nani anastahili?

Ni malipo ya muda kwa mwanachama aliyekoma kazi bila kupenda. Kwa aliyechangia angalau miezi 18, sheria inampa asilimia 33.3 ya mshahara kila mwezi, kwa miezi 6. Masharti makubwa ni haya: usiwe umeacha kazi kwa hiari yako, uwe hujafikia umri wa kustaafu, na uwe hujapata kazi nyingine. Wa sekta binafsi wanashughulikiwa na NSSF, watumishi wa umma na PSSSF, Mfuko ulioanza Agosti 2018 baada ya mifuko ya zamani ya PSPF, PPF, LAPF na GEPF kuunganishwa.

Kwa hesabu ya karibu: mshahara wa shilingi 300,000 unazaa shilingi 99,900 kwa mwezi, yaani 599,400 kwa miezi yote 6. Si fedha ya kununua kiwanja, lakini inalipa kodi ya chumba Igoma na ada ya mtoto wakati unatafuta pengine pa kushika.

Si ndilo lile fao la kujitoa?

Hapana. Fao la kujitoa liliondolewa kwa mabadiliko ya sheria ya 2018, na hili ndilo lililowekwa badala yake. Anayekuahidi kukutolea michango yako yote kwa njia ya mkato anakudanganya. Pia usilichanganye na mjadala wa kikokotoo. Ule unahusu mkupuo wa pensheni kwa wanaostaafu, na asilimia zake hazihusiani na zako.

Kiwandani walituambia tusaini barua tayari imeandikwa "naacha kazi". Nimepoteza haki?

Hili ndilo tunalokutana nalo sana, na linatuumiza. Sangara wakipungua, zamu zinapunguzwa, watu wanaitwa ofisini mmoja mmoja na kupewa karatasi. Anayesaini anaambiwa atalipwa siku hiyohiyo. Asiyesaini asubiri. Mama mwenye watoto nyumbani atasaini, na nani wa kumlaumu? Lakini karatasi ile ikifika kwenye Mfuko inasomeka kwamba ameacha kwa hiari, na fao linakataliwa.

Kama hujasaini, usisaini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ina utaratibu wa kupunguza wafanyakazi: mwajiri anapaswa kutoa taarifa, kueleza sababu na kushauriana na wafanyakazi au chama chao kabla ya kupunguza mtu. Barua yako inapaswa kusema hivyo, kwamba umepunguzwa au umeachishwa.

Kama umeshasaini, bado kuna njia. Sheria hiyohiyo inatambua kwamba mtu aliyelazimika kuacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike anahesabiwa kuwa ameachishwa. Pa kuthibitisha hilo ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na si dirisha la mafao. Soma swali la siku 30 hapo chini kabla ya jingine lolote, kwa sababu muda wako unakwenda.

Mkataba wangu wa mradi uliisha tu. Hiyo nayo ni kukosa ajira?

Mkataba kufika mwisho si wewe kuacha kazi. Waliokuwa kwenye daraja na kwenye reli wabebe nakala ya mkataba yenye tarehe ya mwisho pamoja na barua ya mwajiri kwamba haukuongezwa. Bila barua hiyo ofisa anaona tu mtu ambaye michango yake imekatika.

Nimekatwa kwenye mshahara miaka mitatu, taarifa ya michango inaonyesha miezi 11. Nifanye nini?

Kwanza tulia, halafu tafuta chanzo, kwa sababu kila chanzo kina dawa yake.

Chanzo cha kwanza ni mwajiri kukata bila kupeleka. Kiwango cha kawaida cha NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, nusu yake ikitoka kwa mfanyakazi na nusu kwa mwajiri, na mwajiri ana mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kuisha awe ameshawasilisha. Asipowasilisha, deni ni lake, na Mfuko una mamlaka ya kumdai na kumpeleka mahakamani. Mtu wa kumwona hapa ni ofisa matekelezo (anayefuatilia waajiri wasiowasilisha michango) wa ofisi ya mkoa, si wa dirisha la mafao. Mpe malalamiko ya maandishi pamoja na hati za mshahara zinazoonyesha makato. Mkiwa wengi kutoka mahali pamoja, andikeni pamoja, kila mmoja na namba yake. Barua ya watu wengi wenye karatasi za kufanana humfanya mkaguzi aende kiwandani badala ya kupiga simu.

Chanzo cha pili ni michango kupelekwa lakini kwa namba isiyo yako. Karani akikosea tarakimu moja kwenye orodha ya mwezi, fedha inaingia na wewe haikufikii. Hapa mwajiri si mwizi, na kumgombeza hakusaidii. Mwombe nakala ya orodha za miezi inayokosekana na uthibitisho wa malipo yake, kisha peleka ombi la kuhamisha michango kwenye namba sahihi.

Chanzo cha tatu ni wakala. Wengi mnaofanya kazi ndani ya kiwanda kimoja mmeajiriwa na kampuni nyingine inayoleta vibarua, na pengine wakala amebadilishwa katikati bila ninyi kuelewa. Soma jina lililo kwenye hati ya mshahara, si lile lililoandikwa getini. Taarifa yako inaweza kuwa sahihi kwa wakala wa pili na tupu kabisa kwa wa kwanza.

Hukutunza hati za mshahara? Chukua taarifa ya benki inayoonyesha mshahara uliokuwa ukiingia, mkataba, kitambulisho cha kazi, kadi ya mahudhurio. Wenzako wa zamu wanaweza kula kiapo kuthibitisha ulikuwepo. Na uliye bado kazini unayesoma hapa, angalia taarifa yako ya michango leo. Kosa la mwezi uliopita husahihishwa na karani aliyelifanya. Likikaa miaka mitatu, karani huyo huenda ameshahama.

Mfumo unaonyesha bado nina ajira.

Mwajiri hajaingiza tarehe ya kukoma kwako, au ameendelea kuliweka jina lako kwenye orodha ya michango. Peleka barua ya kuachishwa na cheti cha utumishi. Cheti hicho ni haki yako: sheria ya 2004 inamtaka mwajiri akupe ajira inapokoma, hata kama mmeachana kwa ugomvi. Akikataa, mwone afisa kazi wa mkoa. Usikubali kurudishwa nyumbani na neno "mwambie mwajiri wako akutoe". Omba ofisi imwandikie mwajiri yenyewe na wewe upate nakala.

Majina yangu ya NIDA, benki na NSSF hayafanani.

Kanda yetu ina tatizo hili kuliko watu wanavyodhani. Mtu amezaliwa Misungwi akaitwa jina la Kisukuma, shuleni akaandikishwa jina la ubatizo, kazini karani akaandika lile alilolisikia. Ng'wandu anakuwa Ngwandu, Ng'wandu tena anakuwa Mwandu, Nyanzala anapotea kabisa. Mashine haijui kwamba hawa ni mtu mmoja.

Uamuzi wa kwanza ni jina lipi libaki. Ushauri wetu ni libaki la NIDA, ile namba ya tarakimu 20, kwa sababu ofisi nyingine zote zinaiangalia hiyo. Kisha nenda kwa wakili au hakimu ule kiapo kwamba majina hayo yote ni yako, uyaorodheshe moja baada ya jingine, herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye kila karatasi. Kiapo kinachosema tu "majina yangu yanatofautiana" kitarudishwa. Kama kosa liko NIDA kwenyewe, anzia kwenye ofisi yao ya wilaya na uombe risiti ya ombi la marekebisho, uiambatishe kwenye faili la fao ili ofisa ajue unachosubiri.

Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Inakupa haki ya kudai taarifa zako zisizo sahihi zirekebishwe na taasisi inayozitunza. Ukiitaja kwenye barua, ombi lako linakuwa na msingi wa kisheria badala ya kuwa kilio.

Vidole vyangu havisomi kwenye mashine.

Miaka ya kushika barafu, magamba na kisu hufuta alama za vidole. Si kosa lako wala si dalili ya udanganyifu. Jaribu vidole vyote kumi, mikono ikiwa mikavu na imepashwa moto. Ikishindikana, omba iandikwe kwenye faili kwamba alama hazisomi na utambuliwe kwa kitambulisho cha Taifa, picha na barua ya mtendaji wa mtaa.

Nina namba mbili za uanachama.

Omba ziunganishwe kabla ya kuomba fao. Miezi 10 kwenye namba moja na 12 kwenye nyingine ni miezi 22, lakini mfumo unaosoma moja tu utasema hujafika 18.

Nimelipwa pungufu.

Linganisha mshahara uliotumika kwenye hesabu na hati zako za mshahara. Kosa la kawaida ni mwezi wa mwisho uliolipwa nusu, kwa sababu zamu zilikuwa zimepungua, kusomeka kana kwamba ndio mshahara wako. Andika kuomba maelezo ya hesabu, ambatisha hati za miezi kamili, na endelea kupokea kinachokuja. Kupokea hakukuzuii kudai kilichobaki.

Nililipwa miezi miwili, kisha kimya.

Mara nyingi ni akaunti ya benki iliyolala au jina la akaunti lililobadilishwa. Anza na benki yako, uliza kama kuna malipo yaliyorudishwa. Kama hakuna, uliza kwenye Mfuko kama jina lako limetokea kwenye orodha ya michango ya mwajiri mwingine. Kibarua cha wiki mbili alichokuandikisha mtu kinaweza kukuonyesha una kazi.

Nikipata kazi katikati?

Toa taarifa. Fao ni la asiye na kazi, na ukilificha hilo unajitengenezea deni.

Kila nikienda naambiwa "lipo kwenye mchakato". Nisubiri mpaka lini?

Usisubiri kwa namna hiyo. "Mchakato" si jibu unaloweza kulikatia rufaa, na hapo ndipo watu wetu wanapopotelea. Wanatoka Kisesa au Buhongwa, wanalipa nauli ya daladala, wanapanga foleni, wanajibiwa kwa mdomo, wanarudi. Baada ya miezi mingi hakuna hata karatasi moja inayoonyesha kwamba walifika.

Andika barua fupi kwa meneja wa ofisi ya mkoa. Taja namba ya uanachama, tarehe uliyowasilisha ombi na jina la ofisi iliyolipokea. Kisha uliza mambo matatu tu. Ombi liko kwenye hatua gani na kwa nani? Kuna upungufu gani, utajwe mmoja mmoja? Uamuzi utatolewa lini? Toa nakala mbili. Moja iache, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Masijala wakisita kugonga muhuri, tuma pia kwa rejista ya posta na utunze stakabadhi.

Tumeona barua hii ikifungua mafaili yaliyolala. Si kwa sababu ina maneno makali. Ofisa anayepaswa kujibu kwa maandishi inabidi alifungue faili, na akilifungua analiona lile jina lenye herufi iliyozidi. Barua ya matusi inafanya kinyume chake. Maofisa wengi wa dirishani ni watu wazuri waliozidiwa na kazi, nao mfumo unawafungia mlango kama unavyokufungia wewe.

Ukijibiwa kuna upungufu, rekebisha na urudishe kwa barua nyingine yenye muhuri. Usipojibiwa ndani ya muda wa kuridhisha (sisi hushauri mwezi mmoja), hatua inayofuata ni rufaa.

Rufaa inaendaje?

Njia tunayoishauri inapanda ngazi bila kuruka: meneja wa mkoa, kisha Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko kupitia kwa meneja huyo, kisha Ofisi ya Waziri Mkuu inayoshughulikia kazi na ajira, ambayo ndiyo inayosimamia sekta ya hifadhi ya jamii. Kila barua iambatane na zilizotangulia, zikiwa na mihuri yake. Eleza unapinga uamuzi gani, kwa sababu gani, na unaomba nini. Ukurasa mmoja unatosha. Habari za maisha magumu nyumbani ni za kweli na tunazijua, lakini aya moja yake inatosha. Kinachogeuza uamuzi ni tarehe na viambatisho.

Kuchelewa kwenyewe ni jambo la kulalamikia, hata kama hujakataliwa. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina mamlaka ya kuchunguza ofisi za umma zinazokawiza haki ya mwananchi. Kulalamika kwao ni bure na huhitaji wakili. Wataanza kwa kukuuliza kama uliandika kwenye ofisi husika. Ukiwa na nakala zenye muhuri, unalo jibu.

Nasikia kuna siku 30. Ni za nini?

Ni za CMA, na tafadhali soma hapa kwa makini. Kama unaamini umeachishwa isivyo halali, unatakiwa kufungua mgogoro CMA ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Madai mengine ya kikazi, kwa mfano mshahara usiolipwa, yana siku 60. Unajaza Fomu Na. 1, unampa mwajiri nakala, unawasilisha ofisini kwao Mwanza pamoja na uthibitisho kwamba mwajiri amepokea. Usuluhishi una siku 30, na usipozaa kitu shauri linakwenda kwenye uamuzi. Asiyeridhika na uamuzi huo ana siku 42 kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Sasa hatari iko hapa. Fao na mgogoro ni mambo mawili yanayokwenda kwa saa mbili tofauti. Mtu anakaa akisubiri jibu la fao, anasema "nikikosa hili nitakwenda CMA". Jibu linakuja baada ya miezi, likisema aliacha kazi kwa hiari. Anakimbilia CMA na kukuta siku 30 zimepita zamani. Upo uwezekano wa kuomba kuongezewa muda kwa Fomu Na. 2, lakini unatakiwa kueleza kwa nini kila siku ya kuchelewa ilipotea, na "nilikuwa nasubiri fao" ni sababu dhaifu. Fungua yote mawili kwa pamoja. Hakuna linalolizuia jingine.

Ukiwa CMA dai pia unachostahili kwa mwajiri mwenyewe. Aliyefanya kazi mfululizo miezi 12 au zaidi anaweza kustahili kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, isizidi miaka 10. Hicho hakitoki kwenye Mfuko na hakipunguzi fao.

Naweza kwenda mahakamani moja kwa moja kuushitaki Mfuko?

Ni njia ndefu. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2020, taasisi za umma hazishitakiwi bila notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa kwenye kesi. Njia nyingine ni kuiomba Mahakama Kuu iiamuru ofisi itimize wajibu wake, na kibali cha maombi hayo huombwa ndani ya miezi 6. Hapa tafuta wakili.

Kuna mtu anasema nikimpa "ya soda" faili litasogea.

Usitoe. Hata akiwa na beji shingoni, kuwasilisha ombi na kukata rufaa hakulipiwi. Piga 113, namba ya bure ya TAKUKURU. Wapo pia wanaozunguka na simu wakiomba namba yako ya NIDA na neno la siri ili "wakuangalizie mfumo". Ukiwapa, akaunti ya benki kwenye faili lako inaweza kubadilishwa kabla hujajua.

Ninaishi Ukerewe. Lazima nivuke kila mara?

Fao hulipwa benki, hivyo safari ni za nyaraka tu. Kabla ya kupanda meli Nansio piga simu na uulize faili linahitaji nini. Tuma barua kwa rejista ya posta. Wale wa Sengerema na Buchosa, daraja limewaondolea foleni ya kivuko pale Busisi, lakini nauli bado ni nauli: bebeni karatasi zote mara moja.

Ni karatasi zipi hizo?

Barua ya kuachishwa au mkataba ulioisha, cheti cha utumishi, kitambulisho cha Taifa, hati za mshahara ulizonazo, taarifa ya michango, taarifa ya benki yenye jina lako kamili, na kiapo cha majina kama yanatofautiana. Nakala mbili za kila moja. Halisi onyesha, usiache.

Mimi ni mvuvi, Mwaloni. Fao hili linanihusu?

Hapana. Halina nafasi kwa asiye na mwajiri. Unaweza kujiunga na NSSF kama mchangiaji wa hiari kwa ajili ya mafao mengine, lakini msimu wa samaki ukiwa mbaya hilo halihesabiwi kuwa kukosa ajira. Sisi tunaona ni pengo kubwa kwa mkoa unaoishi kwa ziwa, na tumekuwa tukilisema kila tunapopewa nafasi.

Msaada wenu ni shilingi ngapi?

Bure. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatutambua wasaidizi wa kisheria, na hatutozi kuandika barua wala kujaza Fomu Na. 1. Waliokuwa wanachama wa chama cha wafanyakazi, TUICO kwa mfano, waanze na tawi lao, kwa kuwa viongozi wake wanaweza kukuwakilisha CMA. Wengine ulizieni kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri alipo msaidizi wa kisheria wa karibu, na mje na ile barua ya kuachishwa hata kama mna hiyo peke yake. Kama siku 30 zinakaribia kuisha, semeni hivyo mlangoni, mtahudumiwa kwanza.